Mlango Ambao Wanaisimu Hatujaubisha

Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika huulizwa swali moja kila mahali, nyumbani, kanisani na hata ndani ya basi: "Na hiyo itakulisha?" Wengi wetu hujibu kwamba tutafundisha. Jibu hilo ni zuri, na mimi sijaliacha. Lakini tunazijua hesabu. Tunajua kuna walimu wanaofundisha mwaka baada ya mwaka bila namba ya utumishi wala mshahara wa Serikali. Ndiyo maana si dhambi kutazama pembeni na kuuliza ni wapi kwingine elimu yetu inatakiwa, hata kama anayeitaka hajajua kuiita kwa jina.

Nataka kuzungumzia kazi moja ambayo katika kitivo chetu sijasikia ikitajwa hata mara moja: kazi ya kurekebisha programu kubwa za usimamizi wa kampuni, zile ambazo wenzetu wa informatiki huziita ERP. Hoja yangu ni fupi. Kazi hiyo haifi, ila inahama. Inatoka kwa mtu anayejua kuandika msimbo tu, na inaelekea kwa mtu anayeweza kuwasikiliza wafanyakazi, akaelewa wanamaanisha nini, akaliweka neno lao ndani ya mfumo bila kuliharibu. Mtu wa namna hiyo, kitivo chetu kina uwezo wa kumlea. Bado hakijaamua.

Programu hizi zinafanya nini

Kampuni kubwa ina idara nyingi: ununuzi, depo, mishahara, uhasibu, mauzo, matengenezo ya mitambo. Zamani kila idara ilikuwa na daftari lake, na madaftari hayo yalikuwa hayapatani. Programu ya ERP inayaweka yote mahali pamoja. Karani wa depo akiandika kwamba amepokea mapipa 20 ya mafuta, akiba inaongezeka, mhasibu anaona deni la muuzaji, na mkurugenzi anaona gharama. Neno limeandikwa mara moja, nalo linasomwa na watu wote.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM. Ziko pia za Oracle na Microsoft kutoka Marekani. Iko Sage ya Uingereza, ambayo wahasibu wengi wa nchi zetu zinazotumia Kifaransa wanaifahamu. Na iko Odoo ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 2005, ambayo ina toleo huru: mtu yeyote anaweza kulichukua bila kulipa, akalifungua na kuona limeundwa vipi.

Programu hizo hazivaliwi kama zilivyotoka dukani. Mfumo wa SAP umeshonwa kwa kipimo cha kampuni nyingi, kwa hiyo haumkai yeyote sawasawa. Mrekebishaji ndiye fundi anayepima, anayekata na anayeshona upya. Kazi yake ina ngazi mbili. Ya kwanza ni kupanga: ndani ya mfumo kuna orodha ndefu ya mipangilio, naye anachagua fedha ipi itumike, nani anaruhusiwa kutia sahihi, fakitire ipitie kwa nani kabla ya kulipwa. Hapo haandiki programu. Ngazi ya pili ni kuongeza kile ambacho mfumo hauna, na hapo ndipo anaandika. Kwa SAP anaandika katika lugha iitwayo ABAP. Watengenezaji wamewatengea wateja majina yanayoanza kwa herufi Z au Y, ili kazi ya mteja isichanganyike na ya kiwandani. Wenye kazi huzungumza juu ya "programu za Z" kama fundi cherehani anavyozungumza juu ya viraka.

Ndani ya mfumo kuna lugha

Mwanaisimu akifungua mfumo huo hashindwi kushangaa. Safu inayoshika namba ya bidhaa inaitwa MATNR, kutoka Kijerumani Materialnummer. Kiwanda ni WERKS, kutoka Werk. Muuzaji ni LIFNR, kutoka Lieferantennummer. Mfumo umeenea dunia nzima, watu wanauandikia kwa Kiingereza, lakini mizizi ya Kijerumani imebaki chini, kama majina ya mito yanavyobaki baada ya wasemaji wake kuhama. Anayeijua Kijerumani kidogo anazisoma jedwali hizo kama maneno. Wengine wanazikariri kama namba za simu.

Ziko pia shida ambazo sisi tunazisoma katika sintaksia bila kujua kwamba mahali fulani kuna mtu analipwa kuzitatua. Tuchukue sentensi ndogo ambayo programu humwambia mtumiaji: kitu fulani kimefutwa. Mwandishi wa programu anapenda kuiandika mara moja, akaacha pengo la jina, kisha mashine ijaze pengo. Kwa Kiingereza pengo hilo halisumbui, maana jina likiwa la umoja kitenzi hakibadiliki hata jina libadilike. Kwa Kiswahili pengo linaamuru sentensi nzima. Fakitire imefutwa, kifaa kimefutwa, mkataba umefutwa, malipo yamefutwa, na mtumiaji amefutwa. Mashine isiyojua ngeli itasema "mtumiaji imefutwa", na karani atacheka. Siku nyingine hatacheka, atadhani mashine imekosea hesabu pia.

Suluhisho lipo, na ni la kiisimu: unaigeuza sentensi ili jina lisitawale kitenzi. Unaandika "Ufutaji umekamilika", nukta mbili, halafu jina. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili angeliona jambo hilo kwa dakika tano. Tena angeuliza swali la pili, ambalo ni zito zaidi: tunamwandikia nani? Mtu wa Lubumbashi anayesema "kitabu yangu" sokoni hatashtushwa na "kifaa imefutwa". Je, tumpe Kiswahili sanifu, au Kiswahili cha mji wake? Hilo si swali la mhandisi. Ni letu.

Kuna na vipimo vya nafasi. Katika SAP, kila kipengele cha data kina lebo za urefu mbalimbali: fupi haizidi herufi 10, ya kati haizidi 20, ndefu haizidi 40. "Tarehe ya malipo" ni herufi 16 pamoja na nafasi. Haiingii katika lebo fupi. Lazima mtu akate, na kukata neno bila kuua maana ni ufundi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, nao walilazimika kuamua mamia ya maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo njia ilishapitwa. Kilichobaki ni kuifikisha kazini, depo na mgodini, ambako neno likikosewa bidhaa inapotea.

Neno moja linaweza kuangusha mradi

Atakayesema kwamba nakuza mambo ya maneno, namkumbusha habari ya Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani. Lidl ilianza kuweka mfumo wa SAP mwaka 2011. Mwaka 2018 ikaachana nao, baada ya gharama iliyotajwa katika magazeti kuwa karibu yuro milioni 500. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja iliyoelezwa sana inamhusu mwanaisimu. Lidl ilizoea kuhesabu thamani ya akiba yake kwa bei ya kununulia. Mfumo wa kawaida wa SAP kwa maduka uliihesabu kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili desturi yake, ikaomba mfumo ubadilishwe, na kila badiliko likazaa jingine.

Pande zote mbili zilitumia neno moja, thamani ya akiba, na kila upande ulilielewa kwa namna yake. Sisi tunaliita jambo hilo tofauti ya maana chini ya umbo moja, tunalifanyia mtihani, halafu tunalisahau. Kule liliingia katika hasara ya mamilioni.

Soko linaelekea wapi

Sasa nije kwenye ajira, maana sitaki kumdanganya mtu. Mwaka 2015 SAP ilitoa mfumo mpya, S/4HANA. Ilikuwa imetangaza kwamba matunzo ya mfumo wa zamani yangeisha mwaka 2025; mwezi wa pili wa 2020 ikaahirisha hadi mwisho wa 2027, na kwa wanaolipa nyongeza, hadi mwisho wa 2030. Kwa hiyo kampuni nyingi duniani ziko safarini, kutoka nyumba ya zamani kwenda mpya, na kila programu ya Z lazima iulizwe: bado unahitajika? Nani anakutumia? Mfano mdogo: namba ya bidhaa katika mfumo wa zamani ilikuwa na nafasi 18, katika mpya inaweza kuwa na 40. Programu zilizoandikwa kwa kuamini kwamba ni 18 milele zinahitaji kukaguliwa. Kazi hiyo ipo kwa miaka kadhaa ijayo.

Lakini ipo kwa nani? Hapo ndipo pana mwiba. Watengenezaji wenyewe sasa wanawashauri wateja waache kiini cha mfumo kikiwa safi, wasikishonee viraka, na nyongeza zikae nje. Pia akili bandia imeanza kuandika msimbo. SAP ilitangaza msaidizi wake, Joule, mwaka 2023. Kijana anayetegemea kuingia kazini kwa kuandika ripoti ndogo ndogo za ABAP atakuta mashine imemtangulia. Kijana anayetegemea kutafsiri lebo kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, moja baada ya moja, atakuta vivyo hivyo. Sisemi kazi hizo zimekwisha. Nasema asizijengee maisha yake yote.

Kinachobaki ni kile ambacho mashine haiwezi kukifanya peke yake: kwenda depo, kukaa na mwenye funguo, na kumwuliza kwa nini kila mwisho wa mwezi hesabu yake haikubaliani na ya mhasibu. Mashine hujibu ilichoulizwa, lakini haijui kwamba watu wawili wanaotumia neno moja hawaelewani. Kusikia hilo kunataka sikio lililofundishwa, nasi tunafundishwa hapa kwa miaka: kukusanya data, kumhoji msemaji bila kumtia jibu mdomoni, kutofautisha anachosema na anachodhani anasema.

Na kwetu Kongo?

Kwetu kazi hiyo ina sura yake. Mfumo uliotengenezwa Ulaya unakuta hapa mkataba wa kazi ambao mara nyingi umeandikwa kwa dola, na kodi inayotangazwa kwa franka. Unakuta TVA ya 16%, iliyoanza mwaka 2012. Unakuta uhasibu wa SYSCOHADA, kwa kuwa nchi yetu iliingia OHADA mwaka huo huo wa 2012, na humo gharama ziko daraja la 6, mapato daraja la 7, wala si mahali ambapo Mjerumani au Mwamerika alizoea kuziweka. Anayeujua mpango huo vizuri anaweza kuuza ujuzi wake katika nchi 17 za OHADA. Na tangu 2022 nchi yetu imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako biashara inasemwa kwa Kiswahili. Ni wangapi wanaosimama katikati, mguu mmoja katika sheria ya OHADA kwa Kifaransa, mguu mwingine katika Kiswahili cha kazi? Kijana wa Lubumbashi anasimama hapo bila hata kujua kwamba ni mahali pa thamani.

Iko pia sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, inayozihifadhia kampuni zenye mtaji wa Wakongomani walio wengi kazi za ukandarasi mdogo. Kwa maandishi, mgodi unaotafuta wa kuutunzia mfumo wake unapaswa kuanza kumtafuta hapa. Sheria imefungua mlango, lakini sheria haimfundishi mtu kazi. Akikosekana mwenyeji anayeijua, ataletwa mgeni kwa ndege, na mwenyeji atabaki kuwa jina katika karatasi ya mkataba.

Kwa upande wa lugha, mambo ni magumu kuliko yanavyoonekana. Nilifanya staji ya miezi mitatu katika kampuni moja inayouzia migodi vifaa. Kazi niliyopewa ilikuwa kupanga majina ya bidhaa katika mfumo. Glavu za ngozi za mchomeleaji zilikuwa zimeandikwa mara nne: mara moja kwa Kifaransa kwa umoja, mara moja kwa wingi, mara moja kwa Kiingereza, na mara moja kwa kifupisho ambacho aliyekitunga alikuwa ameshaacha kazi. Mfumo uliona bidhaa nne. Depo ilikuwa na lundo moja. Kampuni iliagiza glavu wakati glavu zilikuwapo, kwa sababu zilikuwapo chini ya jina jingine. Hakuna aliyekuwa mzembe. Hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ni majina.

Na maneno ya malipo? Neno "posho" kwa mzee wa Katanga linakumbusha chakula cha juma walichogawiwa wafanyakazi wa Union Minière. Kwa karani wa Dodoma ni fedha anazolipwa akienda semina. Kwa mama wa Nairobi ni unga wa mahindi. Atakayeweka neno hilo katika fomu ya mishahara ya kampuni yenye matawi nchi mbili, bila kuuliza, ametega mtego.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa msiba. Sheria yetu ya kazi inampa mfanyakazi siku za ruhusa akifiwa, na idadi ya siku inategemea daraja la undugu. Mfumo humwonyesha karani orodha: baba, mama, mume, mke, mtoto, na kadhalika. Mfanyakazi anasema kwa ukweli wake wote: "Baba amefariki." Karani anachagua "baba". Kisha inaletwa hati ya kifo, na jina si la baba aliyeandikwa katika faili, ni la baba mdogo, ndugu wa baba yake. Mbele ya mfumo mtu huyo amedanganya. Mbele ya lugha yake hajadanganya hata kidogo, maana ndugu wa baba ni baba. Mimi sisemi mfumo ubadilishe sheria. Nasema aliyeiandika orodha ile angekuwa na mtu wa lugha kando yake, swali lingeulizwa kwa namna nyingine: "Aliyefariki ndiye aliyekuzaa, au ni ndugu yake?" Swali moja la ziada, na mtu asingeitwa mwongo katika juma la matanga. Hapo ndipo naona kwamba kazi hii inahusu heshima ya mtu pia, zaidi ya mkate wetu sisi wahitimu.

Pingamizi mbili

Najua walimu wetu watasema nini, na wana haki. La kwanza: kitivo cha lugha si kiwanda cha makarani, tulikuja kusoma fasihi, fonolojia na historia ya lugha zetu, si kuwatumikia wenye migodi. Nalijibu hivi. Kiswahili cha Katanga hakikukua katika maktaba. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, Language and Colonial Power, alionyesha jinsi ukoloni na mahitaji ya kazi yalivyokisukuma Kiswahili katika eneo hili. Kampuni ilikuwa mahali pa lugha yetu tangu mwanzo. Wakati ule wengine waliamua maneno, na babu zetu wakajibu kwa maneno hayo. Leo maneno yanaamuliwa tena, safari hii ndani ya jedwali za kompyuta, na anayekaa mbali hataulizwa. Kuziingia si kuacha utafiti. Msamiati wa depo, wa karakana na wa ofisi ya mishahara ni data ambayo bado haijakusanywa ipasavyo.

La pili: wenzetu wa informatiki wapo, wahasibu wapo, mwanaisimu ataingilia wapi? Naam, hawezi kuwaondoa, wala hafai kujaribu. Mwanaisimu asiyejua tofauti ya deni na dai katika uhasibu hatapewa hata kiti. Cheti cha SAP ni ghali, umeme unakatika, intaneti inalipwa kwa mega. Na kampuni nyingi bado zinaamini kwamba aliyesoma lugha anafaa mapokezi tu. Vizuizi hivyo ni vya kweli. Ndiyo maana sipendekezi kila mmoja wetu akimbilie huko. Kati ya wanafunzi 30, wakienda 3 wenye moyo huo, inatosha kuanza.

Kitivo kinaweza kufanya nini

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili wa ng'ambo.

Kwanza, somo la hiari la muhula mmoja juu ya istilahi za kazi, likifundishwa kwa pamoja na wenzetu wa informatiki na wa uchumi. Toleo huru la Odoo linaweza kuwekwa katika kompyuta moja ya kitivo, likatumika bila intaneti. Maandishi yake yote yamo katika mafaili ya kawaida: sentensi ya asili juu, tafsiri chini. Mwanafunzi akifanya kazi katika faili moja la ununuzi kwa wiki sita, atakutana na ngeli, na nafasi finyu, na maneno yenye maana mbili, na atajifunza fakitire inavyotembea kutoka kwa muuzaji hadi kwa mhasibu. Kipo hata kifurushi cha SYSCOHADA, kwa hiyo mfano hautakuwa wa nchi ya mbali.

Pili, tasnifu. Mada za fasihi tunazo nyingi, nazo ziendelee. Lakini mwanafunzi akitaka kukusanya maneno 300 ya depo za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, akaeleza kila neno linatumiwa na nani na kwa maana gani, asiambiwe kwamba hiyo si isimu. Mhitimu huyo ataingia katika mahojiano ya kazi akiwa na kitu mkononi ambacho mgeni aliyeletwa kwa ndege hana. Mimi mwenyewe nimekwisha kumwomba mwalimu wangu nifanye tasnifu ya namna hiyo, naye hajakataa. Ameniambia nilete kwanza mpango wa data. Nauandika.

Tatu, sisi wanafunzi tusingoje ruhusa. Mwenye nia aanze na misingi ya uhasibu wa SYSCOHADA, maana bila hiyo hataelewa anachoambiwa. Kisha ajifunze kupanga data katika jedwali bila kurudia jina moja mara nne. Kisha achague programu moja huru aijue hadi ndani, pamoja na Python kidogo, ambayo ndiyo lugha iliyoandikwa Odoo. SAP na vyeti vyake vitakuja baadaye, vikilipwa na mwajiri. Na asiache Kifaransa chake kilegee, kwa sababu ripoti itaandikwa kwa Kifaransa hata kama mahojiano yalifanyika kwa Kiswahili.

Katiba yetu ya 2006 inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Ni maneno mazuri. Lakini lugha ya taifa ambayo haimo katika fomu ya mshahara, wala katika orodha ya depo, wala katika ujumbe mashine inaomweleza mfanyakazi kwamba ombi lake limekataliwa, ni lugha ya taifa siku ya hotuba tu. Watakaoiingiza humo watalipwa, nami naona ni haki walipwe. Watalipwa zaidi wakiijua lugha hiyo kama sisi tunavyofundishwa kuijua: sauti, ngeli, maana, na mtu anayeisema.

Waheshimiwa walimu, kurasa za jarida hili ziko wazi. Asiyekubaliana nami aandike; nitafurahi kusahihishwa na mtu ambaye amekwisha kuikagua orodha ya depo kwa macho yake. Anayekubaliana nami, naomba aanze na jambo dogo: alitaje somo hili katika mkutano ujao wa idara, kabla ratiba ya mwaka haijafungwa.